Sufuria Mbili za Makande

Nilijua wivu umeingia nyumbani kwangu siku nilipokuta makande yanapikwa kwenye sufuria mbili.

Nilikuwa natoka kanisani, tulikuwa tunapanga mambo ya Sikukuu ya Mavuno, na njaa ilikuwa inaniuma kweli. Naingia jikoni nakuta moto unawaka sehemu mbili. Huku binti yangu wa kuzaa, huku binti wa marehemu mdogo wangu, wamepeana migongo. Mahindi yale yale, maharage yale yale, yametoka gunia moja.

"Tuna wageni?" nikauliza.

"Hapana, mama," akasema binti yangu.

"Sasa sufuria ya pili ya nani?"

Halafu yule mwingine akasema bila kugeuka, "Mama mkubwa, mwenzangu anasema chumvi yangu ni kali. Kwa hiyo kila mtu apike yake."

Chumvi! Hawa watoto wamekula sahani moja tangu hawajaota meno ya ukubwani, leo ndiyo chumvi imekuwa kali. Nilivuta kigoda, nikapakua kwenye sufuria zote mbili, nikala zote, ili asipatikane wa kusema nimempendelea mwenzake. Tumbo lilinisema mpaka kesho yake.

Mdogo wangu alipofariki, binti yake alikuwa ndiyo kwanza anaanza shule. Nilimchukua kwenye msiba ule ule, nikampandisha mlima, nikamlaza kitanda kimoja na wangu. Wamelingana umri, hata watu wa huku kwetu, upande huu wa Bombo, walizoea kuwaita mapacha. Mume wangu, baba yao, ni fundi ujenzi huko Same mjini, anapanda nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo malezi ya kila siku ni mimi na Mungu wangu. Nilimwahidi mdogo wangu, akiwa bado ananisikia, kwamba mtoto wake hatahamahama. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa inanikosesha raha kipindi chote ninachokisimulia hapa.

Walipomaliza kidato cha nne na nafasi ya kuendelea haikupatikana, niliwakatia kila mmoja kipande cha shamba walime tangawizi. Binti yangu nikampa kipande cha juu, karibu na mfereji. Mwenzake nikampa cha chini yake. Sisi huku tunamwagilia kwa ndiva, yaani lile bwawa la udongo ambalo mababu walichimba juu ya mashamba. Jioni linazibwa, maji ya mlimani yanajaa usiku, asubuhi linafunguliwa na kila ukoo una siku yake. Siku yetu ni Alhamisi. Anayemwagilia kwanza ni wa juu, akitosheka anamwachia wa chini. Ndio utaratibu, hauna ugomvi.

Tangawizi ya wa chini ikapendeza kuliko ya wa juu. Hakukuwa na uchawi. Yule mtoto alikuwa anakusanya majani makavu ya migomba kila alipopata nafasi, anatandaza shambani, udongo unabaki na unyevu hata jua likiwaka. Binti yangu aliona hiyo kazi ni ya kizee. Siku moja bwana shamba akapita, akapiga picha tangawizi ya chini, akairusha kwenye grupu la vijana la WhatsApp, akaandika, "Vijana, igeni mfano huu." Nyumba nzima simu zikawa zinalia. Vidole gumba, makofi, maua. Kuna kijana mmoja wa kwaya, ambaye binti yangu alikuwa anamtazama kwa jicho fulani ninalolijua kwa sababu na mimi nilikuwa msichana, akaandika, "Huyu ndiye mke."

Kuanzia hapo ndiyo yakaja mambo ya chumvi.

Mimi ni mama wa vijana hapa usharikani kwetu. Jumapili mchana nakaa nao kwenye benchi nje ya kanisa, tunaongea. Wananiuliza kuhusu uchumba, kazi, wazazi wanaokunywa. Wanaomba kuombewa homa, usaili, safari. Lakini sijawahi kuona kijana amesimama akasema, "Jamani niombeeni, nina wivu." Ulevi mtu anaungama, hata uzinzi mtu anaungama akilia. Wivu hapana, kwa sababu ukiutaja umekubali kwamba mwenzako amekuzidi. Ndiyo maana unapewa majina mengine. Unaitwa chumvi kali. Unaitwa "yule anajisikia." Unaitwa haki yangu.

Kwa binti yangu uliitwa maji.

Alhamisi zikawa hazimfikii wa chini. Binti yangu akifungulia, anamwagilia, anamwagilia tena, anazungusha jembe kama ana kazi, mpaka ndiva inakauka. Mwenzake anasimama pale mpakani na jembe lake begani, halafu anageuka anarudi nyumbani. Niliongea na binti yangu. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamsomea Neno. Nilisoma sekondari kwa masomo ya jioni, mtoto huyo huyo akiwa mgongoni, kwa hiyo kusoma na kueleza si shida kwangu. Alinisikiliza vizuri sana, akaitikia amina. Alhamisi iliyofuata maji yakaishia juu vile vile.

Halafu siku moja nafagia chumbani kwao, nikakuta begi la binti wa mdogo wangu limefungwa, liko chini ya kitanda.

"Hili begi la nini, mwanangu?"

"Mama mkubwa, nimeongea na baba mdogo wa Kwakoa. Anataka mtu wa kumsaidia dukani. Nikimaliza Mavuno, Jumatatu nashuka na gari la asubuhi mpaka Same, niunganishe la Kwakoa."

"Nani amekufukuza?"

"Hakuna. Ila sitaki kuwa sababu ya nyumba kugawanyika sufuria."

Alisema bila machozi, na hapo ndipo nilipoogopa. Mtoto anayelia bado anakuomba kitu. Yeye alikuwa ameshamaliza kuomba. Sikumzuia kwa nguvu, ni mtu mzima sasa. Nilimwambia tu, "Jumatatu haijafika." Nikaenda nyuma ya nyumba, nikamwambia Mungu kwamba sina ujanja tena.

Sasa sisi Wapare tunajulikana. Watu wanatutania kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tunacheka, lakini tunajijua. Kwa hiyo sikupaswa kushangazwa na alichokifanya binti yangu. Wakati mimi napanga namna ya kuwakalisha wawili, yeye alikwenda kwa mwenyekiti wa mfereji kumshtaki mwenzake. Shtaka: anafungulia maji siku zisizo zake. Ushahidi, kwa maneno yake mwenyewe: udongo wake una unyevu kuliko wangu, na mimi niko juu.

Kesi ikawekwa Jumamosi, siku ya msaragambo. Msaragambo ni kazi ya kijiji kizima, na siku hiyo ilikuwa ya kutoa tope ndani ya ndiva. Ndiva ilikuwa tupu, sisi wanawake tumo ndani, tope magotini, tunapokezana makarai. Mapumziko yalipofika, mwenyekiti, mzee mnene anayependa kesi kuliko chai, akakaa ukingoni na kujifuta uso.

"Haya. Nasikia leo kuna mapacha wanashtakiana."

"Shikamoo, mwenyekiti," wakasema wote wawili.

"Marahaba. Nani kamshtaki nani?"

"Mimi nimemshtaki huyu," akasema binti yangu.

Mama mmoja kando yangu akaangua kicheko. "Nilikuwa nasema msaragambo wa leo umepooza! Mpare bila kesi ni makande bila maharage."

"Nyamaza, wewe, tusikie!" akapiga kelele mzee mwingine, anasogea kabisa asipitwe na neno.

Binti yangu akaeleza. Alieleza vizuri, kama wakili. Mwenyekiti akamgeukia yule mwingine. "Na wewe binti, unajibu nini?"

"Sina jibu, mwenyekiti. Twendeni shambani mkaone."

Basi watu wakaacha makarai, wakateremka. Hakuna aliyebaki, hata waliokuwa wanalalamika miguu. Mimi nilishuka nyuma yao, nikijisikia kama mshtakiwa ni mimi. Mwenyekiti akaingia kwanza kipande cha chini. Akainua majani ya migomba, akatia kidole kwenye udongo, akanusa. "Huyu hajaiba maji. Huyu kayafunika."

Halafu akapanda kipande cha juu. Kutoka mbali majani ya tangawizi yalikuwa yameanza kuwa ya njano. Binti yangu alikuwa anadhani ni kiu, ndiyo maana alizidi kumwagilia. Mwenyekiti akashika shina moja, akalivuta kidogo tu. Likatoka lote bila ubishi, na harufu ikapanda. Akavuta la pili. Chini kulikuwa na uji wa rangi ya kahawia. Tangawizi haitaki miguu yake ikae majini. Kila mtu mlimani kwetu anajua hilo, mtoto wa darasa la tatu anajua, na binti yangu alilijua. Lakini alipokuwa anamwagilia hakuwa anatazama shamba lake. Alikuwa anatazama la chini, ahakikishe maji hayafiki.

Hakuna aliyecheka. Hata yule mama wa maharage.

Mwenyekiti akatoa hukumu pale pale: aliyeshtaki bila kweli ataziba ndiva kila jioni kwa wiki nzima badala ya mzibaji, kuanzia Jumapili, kwa kuwa Jumamosi ndiva inaachwa ikauke. Binti yangu akaitikia kwa kichwa. Akaondoka akipita katikati ya mimea yake iliyooza, hakumwangalia mtu.

Jioni ile sufuria zikawa sifuri. Hakuna aliyepika.

Jumapili ya Mavuno ikafika. Watu wameleta ndizi, mahindi, majogoo yamefungwa miguu, maboga. Binti wa mdogo wangu alikuwa amebeba kikapu cha tangawizi, amevaa gauni lake la bluu. Binti yangu alitembea na sisi mpaka mlangoni mwa kanisa. Pale akasimama.

"Ingia," nikasema.

"Niingie na nini?"

Akageuka, akaenda kukaa upande wa nyuma, kwenye ngazi za tanki la maji.

Niliingia nikakaa na kwaya ya akina mama. Wimbo wa kwanza nikaimba, wa pili nikauacha. Nilikuwa nawaza ile habari ya baba mwenye wana wawili. Tumezoea kumhubiri yule mdogo aliyepotea. Yule mkubwa tunamwacha pale nje, amenuna, anasikia ngoma na nyama inanukia. Lakini ile habari inasema baba alitoka. Sherehe yake mwenyewe, wageni wake mwenyewe, akaiacha akatoka nje kumsihi mwenye wivu. Hakumwita kwa kupiga kelele dirishani, na wala hakumtuma mtumishi. Nimeisoma habari ile miaka mingi, na siku hiyo ndipo nilipoona miguu ya yule baba inatembea kwenda nje.

Mwalimu wa kwaya alinikazia macho nilipoinuka. Nikatoka.

"Mama, rudi ndani. Watu watasema," binti yangu akaniambia pale kwenye ngazi.

"Waseme. Sogea."

Tukakaa. Ndani walikuwa wanaimba wakipeleka mazao mbele. Kutoka pale kwenye tanki unaona tambarare yote huko chini, kavu, vumbi la ng'ombe wa Wamaasai limesimama kama moshi.

"Umekuja kunihubiria," akasema.

"Mahubiri yako ndani. Mimi nimekuja kukaa."

Halafu akasema, "Kila akisifiwa, mama, nasikia kama kuna mtu ananipunguza. Kama nilikuwa debe, sasa nimekuwa pishi. Na wewe ndiye unayemsifu kuliko wote. Amepika vizuri, amefua vizuri, ana adabu. Mimi mwanao sijafua?"

"Umefua."

"Mbona husemi?"

"Wewe ukianguka una mama. Yeye nikinyamaza, nani atamwambia amefanya vizuri? Nilimsifu kwa sababu hiyo, na nitaendelea kumsifu. Lakini hujapungua. Hukuwahi kuwa debe wala pishi, wewe ni mwanangu. Nilipokuwa sijui kama utaishi au utakufa, kichanga hata tangawizi hujui, nilikupenda vilevile. Na Mungu alikuwa amekupenda kabla yangu."

Akaanza kulia. Nilimwacha alie.

"Nifanyeje sasa?" akaniuliza. "Nikijaribu kumpenda, nikimwona tu inarudi."

"Mwombee azidishiwe."

"Nini?"

"Ile ile inayokuchoma. Mwambie Mungu, mzidishie tangawizi, mzidishie sifa, mpe na yule kijana wa kwaya kama anamfaa."

"Mama, siwezi!"

"Basi mwambie Mungu kwamba huwezi. Anza na hilo, ni kweli. Hapo ndipo na mimi huwa naanzia."

Akaniangalia kama ananiona mara ya kwanza. Akafunga macho pale pale kwenye ngazi. Midomo ilitikisika kidogo, ikasimama. Sikuuliza alisema nini. Kwenye benchi la vijana siku hizi huwa nawaambia jambo hilo moja, kwa ruhusa yake: usimpelekee Mungu upendo ambao huna. Mpelekee ule uchungu wenyewe, na jina la mwenzako juu yake. Wengine wanacheka wakifika sehemu ya kijana wa kwaya. Wengine wanainamisha vichwa, na hao najua nitawaona wakija wenyewe baadaye.

Hatukuingia. Ibada iliisha tukiwa nje, tukasikia mnada wa mazao unapigwa uani. Walipoinua kikapu cha tangawizi watu wakashangilia. Nilimtazama binti yangu. Ilimchoma, niliona. Lakini alibaki amekaa, hakukimbia.

Jioni mimi nikawa jikoni, mlango uko wazi. Binti wa mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba chao, anakunja nguo za mwisho. Binti yangu akatoka na jembe na karai, akamruka miguu, akaenda mpaka getini. Akasimama. Akarudi.

Niseme ndiva inavyozibwa. Chini kuna tundu. Mtu mmoja anaingia, analisukuma gogo kwenye tundu na kulikaza kwa kifua. Mwingine anashindilia udongo wa mfinyanzi na majani ya migomba pembeni mwa gogo mpaka maji yasipite. Mzibaji wetu anakwenda na mwanawe siku zote. Peke yako huwezi, na mwenyekiti alipotoa hukumu alilijua hilo vizuri.

"Gogo halishikiki na mtu mmoja," akasema binti yangu.

Mwenzake akaendelea kukunja nguo. "Mwombe mama."

"Nakuomba wewe." Akaweka karai chini. "Na ile kesi ilikuwa ya uongo. Nilijua hujaiba maji. Nilikuwa nakuonea wivu."

Nilishika mwiko bila kukoroga. Katika miaka yangu yote na vijana, nilikuwa sijalisikia neno hilo likitoka mdomoni mwa mtu.

Yule mwingine akaweka nguo chini. "Sijakusamehe bado," akasema. "Nakuja kwa sababu ya maji ya watu."

"Sawa."

"Na wewe ndiye unayeingia matopeni. Mimi nashindilia."

"Sawa."

"Ngoja nivue gauni."

Wakaondoka, mmoja mbele, mmoja nyuma, nafasi kubwa katikati. Nikapika makande sufuria moja, kubwa, chumvi nikatia mimi mwenyewe. Walikawia. Nilikuwa naomba huku nachochea kuni, maombi yasiyo na mpangilio, jina la huyu, jina la yule, Jumatatu, Jumatatu. Kisha nikasikia sauti zinakuja njiani, na zilikuwa zinabishana.

"Nilikwambia usimame kwenye jiwe!"

"Jiwe lipi? Ulikuwa umelikalia!"

Wakaingia uani, tope mpaka kwenye nyusi, huwezi kujua yupi aliyekuwa ndani na yupi nje. Binti wa mdogo wangu alikuwa na ndala moja mguuni.

"Ya pili iko wapi?" nikauliza.

"Imezama, mama mkubwa. Imeingia kwenye tope karibu na tundu, na maji yameshaanza kujaa." Akamnyooshea kidole mwenzake. "Huyu badala ya kuitafuta anacheka."

"Sasa kesho utaendaje Kwakoa na ndala moja?" akauliza binti yangu. Aliuliza kwa utani, lakini kicheko kilikuwa kimemwisha.

Yule mtoto akautazama mguu wake mtupu.

"Itabidi ndiva ifunguliwe kwanza," akasema.

Niliwapakulia sahani moja.

Asubuhi gari la kwenda Same lilipopiga honi kule barabarani, lilipiga mara nyingi, dereva alikuwa ameambiwa kuna abiria. Nilikuwa nimepanda mpaka kwenye ndiva, nikachungulia kwa juu. Maji yalikuwa yametoka karibu yote. Wawili wale walikuwa wameinama ndani ya ndiva, mikono matopeni, wanatafuta, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.